Baiskeli ya shoki mbele na nyuma: uchukue mpya au mtumba?

Tuseme umeweka akiba karibu mwaka mzima. Kila wiki unasukuma kitu kidogo kwenye akaunti yako ya simu, leo mia tano, kesho elfu mbili, na sasa salio limefika mahali linaonekana. Unataka baiskeli ya mlima, tena ile yenye shoki mbele na nyuma. Dukani kuna mpya inang'aa. Mtandaoni kuna mtumba kutoka Ulaya, bei inakaribiana na ile mpya, rangi imechubuka kidogo. Rafiki mmoja anakwambia chukua mpya usisumbuke. Mwingine anakwambia mpya ni ya kuringia tu, mtumba ndiyo chuma.

Msimamo wangu nauweka mezani mapema. Kwa mtu mwenye bajeti ya kawaida, baiskeli mpya ya shoki mbili iliyouzwa bei rahisi ndiyo chaguo baya kuliko yote. Mtumba mzuri uliokaguliwa na fundi, ukalipiwa kwa njia inayoacha alama, unaishinda mchana kweupe. Ukikosa mtumba mzuri, bora ununue mpya yenye shoki mbele pekee. Na ukiwa na pesa za kutosha kununua mpya ya kweli bila kukopa, nunua, hakuna atakayekulaumu.

Wazee walisema kipya kinyemi ingawa kidonda. Methali hiyo ni kama ilitungwa kwa ajili ya baiskeli. Wacha nieleze.

Kwanza, unaihitaji kweli?

Shoki ya nyuma ina kazi moja kubwa: kuliacha gurudumu la nyuma lipande na kushuka juu ya mawe na mizizi huku wewe ukibaki umetulia na tairi likiendelea kushika ardhi. Kwenye mteremko wenye mawe makubwa, hiyo ni tofauti ya kushuka ukicheka au kushuka umebebwa. Kwenye lami, au kwenye njia ya vumbi iliyosawazishwa, shoki hiyo ni mzigo. Inaongeza kilo, inakula sehemu ya nguvu unazokanyaga, na inahitaji kutunzwa kila mara.

Kwa hivyo jiulize unaendesha wapi. Kama safari yako ni kutoka Kasarani hadi kazini mjini, huhitaji shoki ya nyuma. Kama unaingia msitu wa Karura wikendi kuzunguka na marafiki, njia nyingi za pale zinaendeka vizuri na shoki ya mbele pekee. Hell's Gate kule Naivasha, ile njia ya kutoka lango la Elsa kuelekea korongo, watu huiendesha kwa baiskeli za kukodi kila siku na wanarudi salama. Lakini kama unapenda kushuka vijia vya mawe upande wa vilima vya Ngong, au njia zenye mizizi kwenye misitu ya Aberdare, hapo shoki ya nyuma inaanza kulipa gharama yake.

Na tusidanganyane kwamba bila shoki ya nyuma huwezi kuendesha. Chris Froome, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1985 na baadaye kushinda Tour de France mara 4, alifundishwa akiwa kijana na David Kinjah kule Kikuyu, kwenye barabara za vumbi na vilima vya hapa hapa kwetu. Kilichomjenga ni saa nyingi kwenye tandiko.

Ushauri wangu wa bure: kabla ya kununua, kodi. Lipa pesa ya siku moja, endesha saa tatu kwenye njia ile ile unayotaka kuizoea. Pesa ya kukodi ni ndogo sana ukilinganisha na kununua kitu ambacho kitakaa kwenye balkoni kikianikiwa nguo.

Mtego wa mpya ya bei rahisi

Baiskeli ya shoki mbili ina vitu vingi kuliko baiskeli ya kawaida. Kuna fremu ya vipande viwili, mbele na nyuma. Kuna viungo vinavyozunguka, kila kimoja na beringi zake. Kuna shoki yenyewe, ambayo ndani yake inatakiwa kuwe na springi au hewa ya kubeba uzito wako, na mafuta yanayopita kwenye vitundu vidogo ili kuizuia isirushe kama godoro la springi. Hicho cha pili ndicho chenye gharama.

Sasa fikiria kiwanda kimeambiwa kitengeneze baiskeli yenye vitu vyote hivyo, iuzwe bei sawa na baiskeli ya kawaida. Kitapunguza wapi? Kitaondoa mafuta kwenye shoki, kibakishe springi tupu. Mahali pa beringi kitaweka bushi za plastiki. Fremu itakuwa ya chuma kizito. Breki zitakuwa dhaifu. Kwa macho inafanana kabisa na ile ya laki tatu: ina springi nyekundu katikati, ina stika kubwa, ina gia nyingi. Ukiikalia inabonyea. Mwenye duka anakwambia, "Umeona? Inacheza!"

Ndiyo, inacheza. Shida ni kwamba haiachi kucheza. Ukipanda mlima, kila ukikanyaga inadunda na nguvu zako zinaishia kwenye springi. Ukishuka, ikigonga jiwe inakurusha badala ya kukutuliza. Baada ya miezi michache zile bushi za plastiki zinakwisha, sehemu ya nyuma inaanza kuyumba kushoto kulia, na kipuri chake hakuna anayekiuza kwa sababu baiskeli yenyewe haikutengenezwa irekebishwe. Hapo ndipo rahisi inapogeuka ghali. Huwezi kuitengeneza, na huwezi kuiuza kwa bei ya maana kwa sababu kila fundi anaijua.

Na hapa si suala la pesa peke yake. Mtu akiona springi nyuma anajiamini, anashuka mteremko ambao hangeushuka na baiskeli ya kawaida. Anaenda kasi na breki ambazo haziwezi kumsimamisha. Meno yaliyovunjika hayana kipuri.

Kwa pesa ile ile, baiskeli mpya ya shoki mbele pekee inakuja na fremu nyepesi zaidi, breki bora na gia zinazoingia bila kubishana. Pesa haikugawanywa kwa vitu vingi, ndiyo maana.

Mpya ya kweli unalipia nini

Nisiwe mwonevu. Baiskeli mpya ya shoki mbili kutoka kampuni inayoeleweka, ukiinunua duka linaloeleweka, ina faida zake na ni kubwa.

Ya kwanza ni waranti. Kampuni nyingi kubwa huipa fremu waranti ya miaka mingi, zingine hata maisha, lakini sikiliza vizuri: mara nyingi waranti hiyo ni ya mnunuzi wa kwanza. Ikiuzwa kwa mtu wa pili, inapungua au inakufa kabisa. Kwa hivyo muuza mtumba akikwambia "hii ina laifutaimu waranti", mjibu kwa heshima kwamba hiyo ilikuwa yake, si yako.

Ya pili ni saizi. Dukani unachagua fremu inayolingana na kimo chako. Kwa mtumba unachukua iliyopo, na watu wengi hujishawishi kwamba fremu kubwa "nitaizoea". Huizoei. Mgongo na magoti ndivyo vitakavyozoea maumivu.

Ya tatu ni historia. Baiskeli mpya haijaanguka, haijazama kwenye mto, haijaoshwa kwa mashine ya maji yenye presha mpaka grisi ikatoka kwenye beringi.

Faida hizi unazilipia. Swali ni kama unaweza kuzilipia bila kujiumiza. Ukiwa na pesa taslimu ya kununua na bado ubaki na akiba ya dharura ya nyumbani, nunua mpya. Ukilazimika kuvunja akiba ya karo ya Januari, hapana.

Hesabu ya mtumba, bila kujidanganya

Mtumba una sifa moja tamu: hasara kubwa ya bei ameshaibeba mwenye wa kwanza. Baiskeli ikitoka dukani tu, bei yake inashuka. Wewe unaipata ikiwa tayari imeshuka, na ukiitunza unaweza kuiuza baadaye bila kupoteza sana. Baiskeli nyingi nzuri za mtumba huingia nchini kwa kontena kupitia Mombasa, au zinauzwa na wageni wanaohama na waendeshaji wanaobadilisha.

Lakini watu hukosea hapa: wanatumia bajeti yote kwenye bei ya baiskeli. Mtumba wa shoki mbili karibu kila mara unakuja na deni la ukarabati. RockShox, kampuni kubwa ya kutengeneza foki na shoki, inapendekeza miguu ya chini ya foki ifunguliwe na kubadilishwa mafuta kila baada ya saa 50 za kuendesha. Fox wanasema foki ihudumiwe kila saa 125 au mara moja kwa mwaka. Sasa niambie, hiyo iliyokaa kwenye kontena, kisha stoo, kisha juu ya paa la kibanda, ilifunguliwa lini?

Tuchukue mfano. Hizi ni namba za kufanyia hesabu tu, bei za mtaani kwako zinaweza kuwa tofauti. Una KSh 120,000. Umepata mtumba wa KSh 85,000. Gharama zingine ziko hivi:

- Fundi wa kukusaidia kukagua: KSh 1,500
- Sili na mafuta ya foki: KSh 6,000
- Huduma ya shoki ya nyuma: KSh 8,000
- Cheni na seti ya gia za nyuma: KSh 9,000
- Pedi za breki: KSh 2,500
- Tairi moja: KSh 4,000
- Kofia ya kujikinga: KSh 4,000

Hiyo ni KSh 35,000. Ukijumlisha na bei unapata KSh 120,000 kamili, na hujabakisha hata nauli. Kwa hivyo kanuni yangu ni hii: usitoe zaidi ya asilimia 70 ya bajeti yako kwenye bei ya baiskeli ya mtumba. Muuzaji akikataa kushuka hadi hapo, mwache aende nayo. Soko halifungwi leo.

Muhimu pia, hesabu hii ndiyo silaha yako ya kupatana bei. Usimwambie muuzaji "nipunguzie, mimi mteja wako". Mwonyeshe cheni imekwisha, sili ya foki inavuja, pedi hazipo. Ukitaja kitu na bei yake, bei inashuka yenyewe.

Ukaguzi wa dakika ishirini

Nenda mchana na fundi anayejua shoki. Fundi wa mtaani ni mtu wa maana kwa pancha na spoku, lakini kama hajawahi kufungua shoki ya hewa, hatakusaidia hapa. Angalieni haya.

*Fremu.* Ifute vumbi kwanza. Angalia kwenye maungio yote, hasa pale bomba la usukani linapokutana na fremu, pale pedali zinapozungukia, na kuzunguka viungo vya shoki. Ufa mdogo wa unywele kwenye alumini hautibiki kwa rangi. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na kwa fremu hata ufa wenyewe mara nyingi hauzibiki. Ukiona stika mpya mahali pa ajabu, uliza inaficha nini. Kama fremu ni ya kaboni na ina jeraha lolote lililoingia ndani ya rangi, ondoka.

*Viungo vya nyuma.* Shika tandiko, inua na uteremshe taratibu ukisikiliza. Kisha shika gurudumu la nyuma na ulisukume kushoto kulia. Ukisikia "tak tak" au ukiona sehemu ya nyuma inacheza, beringi au bushi zimekwisha. Zinabadilishwa, lakini ni pesa, na lazima zipatikane.

*Foki na shoki.* Pitisha ukucha kwenye bomba linalong'aa la foki. Ukucha ukinasa kwenye mkwaruzo, mkwaruzo huo utakata sili mpya utakayoweka. Bonyeza kwa nguvu: irudi taratibu, isirushe wala isigande. Kisha ikalie baiskeli. Shoki inatakiwa ibonyee kidogo tu kwa uzito wako, kati ya asilimia 20 na 30 ya safari yake. Kama ni ya hewa, iache dakika kumi halafu uangalie tena. Ikiwa imeshuka, inavuja. Na ukumbuke, shoki ya hewa inahitaji pampu yake maalum yenye presha kubwa. Pampu ya tairi haiwezi hiyo kazi.

*Breki.* Vuta lever. Ikiwa laini kama sponji na inafika hadi kwenye usukani, kuna hewa kwenye mafuta au kuna mahali panavuja.

*Cheni.* Fundi awe na kipimo. Cheni iliyorefuka huwa imeshakula meno ya gia pia, kwa hivyo utabadilisha vyote pamoja.

*Endesha.* Panda kilima, shuka, ruka ukingo wa barabara taratibu, badilisha gia zote. Muuzaji akisema "siwezi kukupa uendeshe", muachie kitambulisho au umwombe akae na rafiki yako uliyekuja naye. Akikataa kabisa, hiyo si baiskeli, ni mbuzi kwenye gunia.

Vipuri: usinunue yatima

Magurudumu ya mlima yana saizi tatu za kawaida: inchi 26, 27.5 na 29. Kwenye baiskeli mpya za bei ya juu, 26 imeshaachwa. Mitumba mingi ya zamani ni ya 26, na hapa kwetu hilo si baya sana, kwa sababu tairi na tyubu za 26 zimejaa madukani mpaka mashinani. Lakini foki nzuri ya 26 kuipata mpya ni kazi.

Kilicho kigumu zaidi ni shoki ya nyuma. Kila fremu inachukua shoki ya urefu wake na safari yake, na miaka ya karibuni vipimo vimebadilika. Shoki ikifa na hakuna inayolingana, una fremu tupu. Kabla ya kulipa, piga picha maandishi kwenye shoki, pima kutoka tundu hadi tundu, na umwulize fundi kama inapatikana au kama sili zake zinapatikana. Dakika tano za kuuliza zinaweza kuokoa laki.

Sasa tulipe, lakini kwa akili

Hapa ndipo watu wengi huumia, tena kabla hata ya kuiona baiskeli.

Ujanja wa kwanza ni deposit. Umeona picha nzuri mtandaoni, bei ni ya kushangaza. Muuzaji anakwambia kuna watu watatu wanaitaka, tuma elfu tano akushikie. Ukituma, anaomba ya usafiri. Ukituma ya usafiri, simu inazimwa. Kanuni: hakuna kutuma hata shilingi kwa kitu ambacho hujakishika kwa mkono, isipokuwa ni duka lenye anwani, unalipa kwa till au paybill ya duka hilo, na unapewa risiti.

Ujanja wa pili ni mbaya zaidi kwa sababu baiskeli ipo kweli. Tapeli anachukua picha za muuzaji halali na kuzitangaza kama zake. Kwa muuzaji anasema, "Ndugu yangu atakuja kuiangalia, usimtajie bei, mimi ndiye nalipa." Kwako anasema, "Utampata kijana wangu, iangalie, ukiridhika tuma kwa nambari hii." Unafika, unaikagua, unafurahi, unatuma. Pesa inaenda kwa tapeli, na muuzaji amesimama hapo akisubiri yake. Nyote wawili mmeibiwa mkiwa mmesimama pamoja.

Dawa yake ni rahisi. Mwulize aliye mbele yako: "Wewe ndiye mwenyewe? Bei yako ni ngapi?" Kisha lipa kwa nambari yake yeye, simu yake iwe mkononi mwake. Kabla ya kuweka PIN, soma jina linalotokea kwenye simu na ulilinganishe na kitambulisho chake. Majina yasipolingana, simama. Hadithi ya "hiyo ni laini ya bibi yangu" msikilize, lakini usitume. Pesa ikishaenda kwa mtu mwingine, kuirudisha kunategemea kama bado iko kwenye akaunti yake, na tapeli hakai na salio hata dakika mbili.

Ukinunua dukani, lipa kwa till ya duka, si kwa nambari ya mhudumu. Akikwambia "till ina shida, nitumie mimi", subiri till ipone. Baiskeli ikija kuleta shida na ukataka waranti, malipo yaliyokwenda kwa nambari ya kijana aliyeacha kazi hayatakusaidia kitu.

Na kama wewe ndiwe unayeuza, usiachilie baiskeli kwa sababu umeonyeshwa ujumbe kwenye simu ya mnunuzi, au umepokea SMS inayofanana na ya malipo. Angalia salio lako mwenyewe.

Jambo dogo lakini la maana: miamala ina kikomo, kwa kila muamala na kwa siku. Kwa kitu cha bei kubwa, jua kikomo chako kabla hujafika, usije ukalazimika kutoa pesa taslimu na kutembea nazo sokoni.

Karatasi, hata kama ni rafiki

Baiskeli nzuri huibwa. Ukinunua ya wizi, mwenyewe akiipata atakuja kuichukua, kwa sababu mwizi hana umiliki wa kukuuzia. Tena ukionekana ulijua au ulikuwa na sababu ya kujua, Kanuni ya Adhabu ya Kenya inaweza kukufunga hadi miaka 14 kwa kosa la kupokea mali ya wizi. Bei ikiwa ya ajabu mno, hiyo yenyewe ni sababu ya kuuliza maswali.

Pindua baiskeli. Chini, karibu na pale pedali zinapozungukia, fremu nyingi huwa na nambari. Ikiwa imekwaruzwa makusudi, toka hapo. Ikiwa ipo, andika makubaliano ya ukurasa mmoja: majina, nambari za vitambulisho, nambari ya fremu, bei, tarehe, na msimbo wa muamala uliolipia. Wote wawili mtie sahihi na mpige picha. Mali bila daftari hupotea bila habari. Siku ikiibwa kutoka kwako, karatasi hiyo pamoja na taarifa ya akaunti yako ndivyo utakavyopeleka kituo cha polisi kuchukua nambari ya OB.

Usikope kwa ajili ya starehe

Nimeacha hili mwisho kwa sababu ndilo zito. Pesa ikipungua kidogo, simu iko hapo, na mkopo uko mbonyezo mmoja tu. Kwa mtu wa boda au wa kusambaza bidhaa, chombo kinachoingiza pesa kinaweza kujilipa. Baiskeli ya kushuka milima haiingizi kitu.

Tuseme umepungukiwa KSh 40,000 na umepata mkopo wa siku 30 wenye ada ya asilimia 8. Hiyo ni KSh 3,200. Mwezi ukiisha hujapata, unaongeza muda, mara ya kwanza, mara ya pili. Umelipa KSh 9,600 za ada na deni lenyewe bado ni elfu arobaini. Ile 9,600 ingetosha huduma ya foki, na pedi za breki juu. Ukishindwa kabisa, jina lako linakwenda kwa mashirika ya taarifa za mikopo, na siku utakapotaka mkopo wa jambo la maana, biashara au matibabu, unakataliwa kwa sababu ya springi.

Weka KSh 2,500 kila wiki na baada ya wiki 16 una elfu arobaini zako, bila ada na bila simu za kudaiwa. Ni muda mrefu, najua. Lakini vilima vya Ngong havihami, na muda huo unautumia kukodi, kujifunza, na kujua hasa saizi na aina unayotaka. Anayesubiri miezi minne hununua vizuri kuliko anayenunua leo kwa presha.

Basi ukiulizwa na rafiki, mjibu hivi. Ukiwa na pesa ya mpya ya kweli na akiba yako ya dharura haiguswi, nunua mpya na utunze risiti. Ukiwa na bajeti ya kati, tafuta mtumba, toa asilimia 70 pekee kwenye bei, na usiende bila fundi. Ukiwa na kidogo, chukua ya shoki mbele pekee, mpya au mtumba, na uendeshe kwa furaha. Ile mpya ya shoki mbili inayouzwa bei ya kutupa, iache pale pale dukani inapong'aa.